Sina bima, na mume wangu anarudi kutoka dago

Assalaam alaykum Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi kaskazini ya Pemba, umri wangu miaka 31. Wa mwisho ana miezi minane, bado ananyonya. Kazi yangu mwani, na msimu wa karafuu ukifika nachuma na kuchambua kwa watu. Mume wangu mvuvi, kazi yake dago, kupiga kambi ya uvuvi mbali na nyumbani. Zamani alikuwa anaishia Unguja, lakini miaka hii minne amehamia zaidi upande wa Tanga, na huko ameoa. Alinambia mwenyewe, sikuwa na la kusema.

Wiki mbili nyuma wifi yangu alinipigia simu usiku. Mke mwenzangu alikwenda kliniki na mimba yake, akapimwa, akakutwa na virusi vya UKIMWI. Ameanzishwa dawa. Alimwambia wifi kwa sababu hana mwengine wa kumwambia, na wifi kanambia mimi kwa kunihurumia, tena kaniapisha nisimtaje. Mume wetu anajua hali ya mwenzangu. Yeye mwenyewe hataki kupima. Anasema yeye anavuta jarife, wavu ule mkubwa, kama kawaida, na mgonjwa havuti jarife.

Alikuja kwa Idi, akakaa siku kumi. Wakati huo nilikuwa sijui chochote. Sasa ni wiki ya tano tangu aondoke, na amesema mwezi ujao atakuwa nyumbani. Nilimgusia kwa simu habari ya mpira. Akaniuliza nimejifunza wapi maneno hayo, mke wa ndoa hatumii mpira. Kisha akakata simu.

Binti wa dada yangu anafanya kazi hoteli, Unguja. Nilimuuliza kwa kuzunguka, kama naulizia mtu. Akatafuta katika simu yake, akasema ipo dawa ambayo mtu asiye na virusi anameza kila siku asiambukizwe. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Halafu akanisomea bei: dola elfu mbili kwa mwezi, na kwamba wanawake wasio na bima ndio wanaoikosa. Mimi bima naitoa wapi? Wenye bima ni wafanyakazi wa serikali na wa mahoteli. Sisi wa mwani hatumo.

Hata hivyo nilijikaza nikenda kituo kimoja kuuliza. Muuguzi akanitazama kutoka ushungi mpaka miguu, akasema kwa sauti ya kusikika benchi zima kuwa dawa hiyo ni ya wanawake wanaojiuza na vijana wa sindano. "Wewe una mume, unaitakia nini?" Nikasema nauliza tu. Nikafunika uso nikatoka.

Naomba unambie, mtu asiye na bima ana njia? Na nikiipata, nitaiweka wapi? Naishi na mama mkwe, kila kitu cha nyumba hii kinapita mkononi mwake, akiona kopo atasema mimi ndiye mgonjwa niliyemletea mwanawe maradhi. Wifi amesema anaweza kuniombea vidonge vichache kwa mke mwenzangu, yeye anapewa vingi kwa mara moja. Nivichukue? Na mtoto ananyonya, dawa haitanikausha maziwa?

Mke wa Mvuvi, Kaskazini Pemba

*

Waalaykum salaam mwanangu,

Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalenda mkononi. Umeniuliza habari ya bima, nami nitakujibu, lakini kinachokubana zaidi ni siku. Mume anarudi mwezi ujao. Dawa hii haifanyi kazi siku ile ile unapoianza. Kwa mwanamke inataka kumezwa siku saba mfululizo kabla ya kuitegemea, na wapo wahudumu wanaomwambia mtu asubiri hata wiki tatu. Kwa hiyo wiki hii isipite. Hata mwani uache.

Haya, bima. Binti wa dada yako hakukudanganya, ila alichokisoma ni habari za Marekani. Huko ndiko kidonge cha Truvada, kilichoruhusiwa kutumika kama kinga mwaka 2012, kilipofika bei hiyo ya dola elfu mbili kwa mwezi, na huko kweli mwanamke asiye na bima alihangaika. Hata kwao bei imeshuka sana tangu viwanda vingine viliporuhusiwa kutengeneza kidonge hicho hicho kwa majina mengine. Dawa inayoletwa kwetu ni hiyo ya viwanda vingine, inanunuliwa kwa pesa za miradi ya UKIMWI na inatolewa bure kama zinavyotolewa ARV, dawa za wenye virusi. Huu Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar uliotungiwa sheria mwaka 2023, unaokata mishahara ya watumishi, hauhusiki na dawa hii. Hata ungekuwa na kadi yake usingeulizwa. Wewe ni mtu wa mwani, huna kadi ya mfuko wowote, na mbele ya dawa hii uko sawasawa na mke wa mkurugenzi.

Wahudumu wanaiita PrEP. Ukisema "dawa kinga ya virusi" watakuelewa pia.

Sasa yule muuguzi. Alikosa mara mbili. La kwanza, kusema mambo ya mtu mbele ya benchi. La pili, alichokisema ni nusu ya kweli, na nusu hiyo imekuumiza. Zanzibar wenye virusi ni wachache, chini ya mtu mmoja katika kila mia, na kwa sababu hiyo huduma nyingi zimepelekwa kwa wale ambao kwao maambukizi ni mengi: wanaojidunga dawa za kulevya, wanawake wanaouza miili, na wengineo. Hao nao ni watoto wa watu, wana haki ya dawa yao. Lakini kinga hii tangu mwanzo ilikusudiwa pia mtu ambaye mwenzake ana virusi, au hajulikani hali yake na kuna sababu ya kumshuku. Mwaka 2012 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa wa Kenya na Uganda, uliofanywa kwa jozi 4,747 za wenza, mmoja ana virusi na mwenzake hana. Waliopewa kidonge hiki maambukizi yalipungua kwa asilimia 75. Hao walikuwa wake na waume wa majumbani, wenye watoto na mashamba. Watu kama wewe.

Kwa hiyo ukenda usiseme "nauliza tu". Mhudumu akisikia nauliza tu, anakupa jibu la nauliza tu. Sema hivi: "Mume wangu ana mke mwengine aliyepimwa akakutwa na virusi. Mume hajapima na hataki mpira. Mimi nanyonyesha. Nataka kupimwa, na kama sina, nataka dawa kinga." Jina la mke mwenzio usilitaje, wala la wifi. Hakuna anayehitaji kuyajua, na ahadi yako kwa wifi itabaki pale pale.

Neno "nanyonyesha" usilisahau, lina uzito kuliko unavyodhani. Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada yake, vituo vingi vya Afrika vinavyotegemea fedha hizo viliyumba, na ruhusa ilipotoka mwezi wa Februari ilisema PrEP ya fedha zao wapewe wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Mimi niliona ni dhuluma kwa wengine wote, na sijabadilisha mawazo. Lakini ukimkuta mtu anakwambia "hiyo imefungwa", mwambie una mtoto wa miezi minane kifuani. Sababu ya kuwaweka mama hao mbele ni ya kweli: mama akiambukizwa wakati ananyonyesha, wiki za mwanzo virusi huwa vingi mno mwilini mwake, na mtoto anavipata kwa maziwa kwa urahisi. Ukijikinga wewe, umemkinga na yeye.

Wapi? Kile kituo kiache, hudaiwi kurudi. Hospitali za Wete, Chake Chake na Mkoani zina kliniki za CTC, zile za huduma na matibabu ya virusi, na huko ndiko ninakotaka uanzie. Kama Wete unaogopa kuonana na watu wa kwenu, panda gari ya Chake. Chukua mtoto na kadi yake ya kliniki. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni na kadi mkononi haulizwi anakwenda wapi, si na mama mkwe wala na sheha. Ukifika, unaweza kuanzia dirisha la mama na mtoto ukaomba kuonana na mshauri nasaha faragha, yeye ndiye akupeleke. Wakikwambia dawa imekwisha, usiondoke na jibu hilo peke yake. Uliza itakuja lini, na kituo gani kinayo leo.

Watakupima kwanza. Hapa nikwambie wazi kwa sababu wewe ni mtu mzima. Mlikutana siku za Idi, na mwenzio wa Tanga huenda alikuwa na virusi tayari. Ipo dawa ya dharura ya siku 28, lakini hiyo lazima ianzwe ndani ya saa 72, na wewe umeshapita huko. Kipimo cha sasa kitasema mengi, ila hakitasema yote, kwa hiyo utarudia mwezi mmoja baadaye, kisha kila miezi mitatu. Kama wiki hizi ulipata homa isiyoeleweka, vipele mwilini, koo kuuma au tezi za shingo kuvimba, mwambie mhudumu kabla hajakupa chochote. Na ikitokea umekutwa navyo, utaanzishwa ARV bila malipo, pengine siku hiyo hiyo, na mtoto atapimwa na kupewa kinga yake. Usikimbie kipimo kwa kuogopa jibu. Mwenye kukimbia kipimo unaye tayari mmoja, yuko Tanga anavuta jarife.

Watakuuliza pia habari ya figo, na wakiweza watakupima homa ya ini aina B. Ukiwa na homa hiyo ya ini, kidonge hiki kinaituliza, lakini ukikiacha ghafla inaweza kuamka kwa nguvu. Kwa hiyo usikiache bila kuwaambia.

Vidonge vya mke mwenzio usivichukue. Najua wifi amefikiri kwa mapenzi. Lakini dawa yake ni ya kutibu, mchanganyiko wake mwengine, na kila kidonge unachochukua wewe ni siku moja yeye na mimba yake wanakosa dawa. Muache amalize chake. Tena hilo ni kwa faida yako: akimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hawezi kumuambukiza mume kwa tendo la ndoa. Na mume naye, kama anavyo na akakubali dawa, siku moja utafika usihitaji kinga hii tena. Hata hivyo usimhukumu kabla ya kipimo, anaweza asiwe navyo. Nimewaona wengi ambao mmoja anavyo miaka na mwenzake hana.

Sasa kopo, na hapa nataka tukae kidogo.

Kulikuwa na utafiti mwengine, majibu yake yalichapishwa mwaka 2015. Wanawake zaidi ya 5,000 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe walipewa kinga, wengine vidonge, wengine jeli. Vidonge vikaonekana havikusaidia kitu. Watafiti wakashangaa, maana wanawake walisema wanameza, na makopo walirudisha matupu. Damu ilipopimwa, wengi hawakuwa na chembe ya dawa mwilini. Walipoulizwa tena kwa upole, wakaeleza: waliogopa majirani, waliogopa waume, waliogopa kuonekana ni wagonjwa kwa sababu vidonge vinafanana na vya wagonjwa. Hofu yako ya mama mkwe, basi, ni ile ile iliyoangusha utafiti mzima wa mamilioni ya dola. Usiione ndogo, na usiseme utaishughulikia baadaye.

Kopo linaloleta fitina ni lile linalochacharika. Wanawake wanaujua mlio ule hata ndani ya mkoba. Tia kipande cha pamba safi juu ya vidonge, litanyamaza. Lebo ibandue. Kidonge chenyewe kiache ndani ya kopo lake, kwa sababu kina kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu, na unyevu wetu wa Pemba unaijua kazi yake. Halafu tafuta mahali ambapo mkono wa mama mkwe haufiki. Kwa mwanamke wa Kipemba mahali hapo pengi, mimi sitakufundisha. Mmoja aliweka ndani ya kitambaa cha vitu vya hedhi, akaniambia hakuna mtu nyumba ile aliyewahi kukifungua. Mwengine aliacha kopo kwa shoga yake na kuchukua vya siku tano tano ndani ya karatasi. Kama una shoga unayemuamini kwa kweli, na iwe mmoja tu, jambo hili ni jepesi zaidi kwa wawili.

Wakati wa kumeza, usiufunge na mwani. Mwani unafuata maji, leo yanakupwa asubuhi, baada ya siku chache mchana, utajikuta unasahau. Ufunge na sala. Wengi naona wanaweza na Isha: umeshakula, watoto wanalala, unakunywa maji, umemaliza. Na ukifunga Ramadhani hubadilishi kitu. Kikikupita, meza unapokumbuka, kesho endelea na saa yako. Ile njia unayoweza kuisikia ya kumeza vidonge siku za tendo tu, si ya wanawake. Mwili wetu wa ndani unachelewa kujaa dawa hii, kwa hiyo kwetu ni kila siku.

Wiki za mwanzo unaweza kusikia kichefuchefu, tumbo kuchafuka, kichwa kuuma. Mara nyingi hupita kabla ya mwezi. Akirudi dago, usikiache siku anayopanda chombo. Malizia walau siku saba zaidi, na muulize mhudumu kama uendelee. Ushauri wangu ni uendelee tu. Wanaume wa dago hurudi bila simu, upepo ukigeuka umemuona mlangoni na ndoo ya samaki, na wewe huna hata kidonge cha jana. Kumbuka vile vile kuwa kidonge hakizuii mimba, wala kaswende, wala kisonono.

Zipo sindano. Ipo ya kila miezi miwili, na ipo mpya, lenacapavir, ya mara mbili kwa mwaka. Majaribio yake ya Afrika Kusini na Uganda yaliyotangazwa 2024 yaliwashangaza wengi: wanawake 2,134 walichomwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Marekani bei yake ni zaidi ya dola elfu 28 kwa mwaka, na viwanda vya India vimeahidi kuitoa kwa dola 40 kwa nchi kama zetu kuanzia 2027. Kwa mwanamke anayeishi na mama mkwe, sindano ndiyo ingekuwa mwisho wa mambo. Ukienda uliza kama imefika, lakini usiisubiri. Mume wako haisubiri.

Umebaki mume. Hukuniuliza kama umwambie, nami nimeona hukuniuliza. Sipendi siri baina ya mke na mume, lakini mtu anayejua mke wake mmoja ana virusi, akakataa kupima, akakataa mpira, akamkatia simu wa pili, huyo ameanza yeye. Dini yetu inasema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Jikinge kwanza. Akirudi, muache apumzike, ale, kisha mwambie neno moja tu: kliniki ya mtoto wanataka wazazi wote wapime. Uongo huo si mkubwa, kliniki kweli wanapenda baba wapime. Akikubali, nendeni pamoja. Uliza pia kama wana kipimo cha mate cha kujipima nyumbani, wapo wanaume wanaokiogopa chumba cha kliniki kuliko jibu lenyewe. Akikataa, akapiga au akatishia talaka, andika tena, na hapo tutazungumza habari za Kadhi na za watu wako wa kwenu. Leo tusifike huko.

Na maziwa, mwanangu: hayakauki. Dawa inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana, na mama wengi wameimeza wakinyonyesha bila dhara kwa mtoto. Endelea kumnyonyesha, na siku ya kwenda Chake mchukue akiwa ameshiba, foleni ya huko unaijua.